Uzi: Kabla mpira haujamfikia, mchezaji wa kike mwenye kiwango anaangalia nini?

KochaBinti (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Nafundisha timu ya wanawake, wengi wana miaka 16 hadi 24. Viwango vimechanganyika: wapo waliolelewa kwenye akademi tangu wadogo, wapo walioanza mpira wa maana juzijuzi. Nina viungo wawili ambao wameniumiza kichwa msimu mzima. Mbio zao sawa, pumzi sawa, na kwa danadana huyu wa pili anamwacha mwenzake mbali. Ila mechi ikianza, wa kwanza anacheza kama mtu aliyepewa sekunde mbili za ziada kwa siri, na wa pili kila akipokea mpira anajikuta kifuani mwa mpinzani. Nimempigia kelele "inua kichwa!" mpaka nimechoka mimi mwenyewe.

Siku moja nikaamua kutoutazama mpira. Nikasimamisha simu pembeni ya uwanja, nikamrekodi mmoja dakika kumi, kisha mwingine dakika kumi, mpira uwepo kwenye picha usiwepo. Usiku nikakaa na hizo video, narudisha nyuma, napeleka mbele taratibu.

Huyu wa pili kichwa chake kinaufuata mpira kama alizeti inavyofuata jua. Mpira uko kwa beki, anamtazama beki. Ukitoka kwa beki kuja kwake, anautazama ukija. Ukishafika mguuni ndipo anainua kichwa (kama nilivyomwambia, jamani!), na hapo mpinzani keshafika.

Wa kwanza sasa. Kipa anampa beki wa kati. Mpira unabingirika, yeye anapiga chabo bega la kushoto. Beki anaugusa, macho yake yako kwa beki. Beki anampa mwenzake, mpira unabingirika tena, huyu keshachungulia bega la kulia. Yule beki wa pili anajiandaa kupasia, jicho limerudi mpirani. Pasi iko njiani, chabo ya mwisho, fupi, nusu sekunde haifiki, halafu anapokea mwili ukiwa umeshageukia upande ulio wazi. Kipande hicho nimekirudia mpaka simu ikazima chaji. Anaiba macho pale tu ambapo mpira hauna mwenyewe. Mpira ulio njiani hauwezi kubadili nia. Ulio mguuni mwa mtu unaweza kwenda popote, na wakati huo ndipo anautazama.

Kwa wasiojua, kuna mtafiti wa Norway, Geir Jordet, ambaye ametumia miaka mingi kwenye jambo hilihili. Mwaka 2013 aliwasilisha kazi aliyofuatilia wachezaji 118 wa Ligi Kuu ya England kwa picha zinazomfuata mchezaji badala ya mpira, akihesabu kila wanapogeuza uso kuuacha mpira kabla ya kupokea. Frank Lampard alikuwa juu kabisa kwenye orodha, na waliochungulia sana ndio waliofikisha pasi nyingi zaidi. Wanaume watupu hao, nalijua hilo.

Swali langu kwenu: kwenye soka la wanawake, upande wa macho, ni nini kinachomtenga mwenye kiwango na wa kawaida? Na je, kinafundishika?

---

BekiTatu

Nimevuta kiti mbele kabisa. Shusheni nondo.

---

MzeeWaTakwimu

Kocha, simulizi imenoga, lakini niruhusu nitie kitumbua mchanga.

Kwanza, nafasi. Kiungo amezungukwa pande zote, asipogeuza shingo ataliwa. Winga ana mstari mgongoni, na mstari haukabi mtu. Ukihesabu chabo za kila mchezaji na kuwapanga bila kujali nafasi, utasema winga wako ni mzembe kumbe nyuma yake hakuna cha kuchungulia.

Pili, la kuku na yai. Anayechungulia sana anakuwa mzuri, au aliye mzuri ndiye mwenye nafasi ya kuchungulia? Mchezaji ambaye bado anapigana na mguso wa kwanza hana ubavu wa kuacha kuutazama mpira. Macho yake ni mateka wa miguu yake. Binti wako wa pili anapiga danadana vizuri, sawa, lakini danadana hazina mtu anayekuja kwa kasi.

Tatu, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, tafiti zenyewe ukizisoma juujuu zinagombana. Mwaka 1994 Williams na Davids waliwaonyesha wachezaji video za 11 kwa 11. Wazoefu macho yao yaliruka huku na huku, yakitua kwa muda mfupi, tena kwa wachezaji wasio na mpira. Wasio wazoefu walibaki kwenye mpira na mwenye mpira. Haya. Mwaka 2007 Mann na wenzake wakakusanya tafiti nyingi za michezo mbalimbali wakazijumlisha, jibu likatoka limegeuka: walio bora macho yao hutua sehemu chache, na yakitua yanakaa.

Nani kadanganya? Hakuna. Inategemea kilicho mbele yako. Mpira ukiwa mbali na watu wametawanyika, jicho la fundi linazunguka. Akiwa amesimamiwa na mtu mmoja uso kwa uso, jicho lilelile linatulia. Kwa hiyo ukimpima mchezaji kwa idadi ya chabo tu, unapima shingo.

---

BekiTatu

Hapo kwa uso kwa uso nimekuelewa mzee. Kocha aliyenilea alinikataza kabisa kutazama miguu ya winga. "Tazama kiuno, miguu inadanganya." Nilidhani ni maneno ya uzee.

---

MzeeWaTakwimu

Hakuwa amezeeka, alikuwa sahihi. Haohao Williams na Davids, 1998, walipopima hali ya mmoja kwa mmoja, wazoefu macho yao yalikaa zaidi kwenye nyonga za mpinzani. Mguu unaweza kuzungushwa juu ya mpira mara tatu bila kwenda kokote, lakini nyonga ikihama, mwili wote umehama.

---

MtuWaMiwani

Naingia kama mtu wa macho, mpira najua wa kwenye runinga tu. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, tazama ukucha. Eneo ambalo jicho lako linaona kwa ukali kabisa, kiasi cha kusoma herufi, halizidi sana upana wa huo ukucha, kama nyuzi (digrii) mbili hivi. Kwingine kote ni ukungu ambao ubongo unaupaka rangi ili usishtuke.

Kwa hiyo jicho linahangaika. Linaruka mara tatu hivi kwa sekunde, na wakati linaruka ubongo unazima picha, hauoni kitu cha maana. Mchezaji anayezungusha kichwa haraka bila jicho kutua popote hajaona chochote. Amejipepea tu.

Ila msiudharau huo ukungu wa pembeni. Hauwezi kusoma namba ya jezi, lakini kitu kikisogea unakigundua upesi. Nadhani ndiyo maana chabo ya nusu sekunde inatosha kwa kiungo wa kocha: hahitaji kujua ni nani aliye nyuma yake, anahitaji kujua kama kuna kitu kinamjia kwa kasi.

Na hapa nitofautishe vitu viwili vinavyochanganywa sana. Jicho kuelekea mahali ni jambo moja, umakini kuelekea hapo ni jingine. Unaweza kumkazia macho mtu na akili iko kwingine kabisa, waliooa wanajua. Mwaka 1999 Simons na Chabris waliwapa watu kazi ya kuhesabu pasi za mpira wa kikapu kwenye video. Mtu aliyevaa vazi la sokwe akapita katikati, akajipiga kifua, akaondoka zake. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yao yalikuwa mazima kabisa.

Kocha, swali dogo: hao wachezaji wako umewahi kuwapima macho?

---

Chapombe_FC

Wanawake wa nini kufundishwa kupiga chabo? Si wanazaliwa nayo hahaha. Simu yako ikiwaka tu keshasoma jina.

---

Namba6

Chapombe umechekesha kidogo, sasa kaa pembeni wakubwa waongee.

Mimi nacheza, kiungo mkabaji, ligi ya juu ya wanawake, miaka tisa sasa. Niwaambie kwa ndani inavyokuwa.

Nilipokuwa mdogo, nilidhani kiwango ni kama anavyosema kocha, yaani kuangalia. Nikawa naangalia. Nilikuwa nageuza shingo mpaka inauma, na bado napoteza mipira. Kilichobadilika baadaye si kuangalia zaidi, nadhani hata nimepunguza. Ni kwamba sasa nikichungulia nakuwa na swali. "Namba 10 wao bado yuko kulia kwangu?" Ndiyo au hapana, nimerudi. Zamani nilikuwa naangalia kama mtu aliyefungua friji bila kujua anatafuta nini.

Tazameni bao la fainali ya Kombe la Dunia la Wanawake 2023 pale Sydney, Hispania na England, dakika ya 29. Lucy Bronze, beki wa kulia wa England, anaondoka na mpira kutoka upande wake wa kulia, anaingia kati, ananyang'anywa. Wengi mpira ukinyakuliwa hapo macho yao yanabaki kwenye msongamano, maana ndiko kelele iliko. Teresa Abelleira wa Hispania anapeleka pasi ndefu hadi upande wa pili wa uwanja, palepale alipotoka Bronze. Mariona Caldentey anapokea, Olga Carmona anakuja mbio kutoka nyuma, anawekewa njiani, shuti la chini la mguu wa kushoto, kamba. 1-0, na ndiyo iliyobaki. Ukitazama bao utamsifia Carmona, na anastahili. Lakini rudisha video mpaka kwa Abelleira. Hiyo pasi huwezi kuipiga kama uwazi unauona kwa mara ya kwanza mpira ukiwa tayari mguuni. Beki wa kulia akipanda, mtu mwenye kiwango anaweka alama kichwani: pale hakuna mtu. Halafu anasubiri.

Jingine, na hili nasema kwa makocha wote mliomo humu bila kumtaja mtu. Nimewahi kuwa na kocha ambaye kila nikigusa mpira anapiga kelele "Kulia! Kulia!" Siku moja mwenzangu kasimama kushoto peke yake, mkono juu, hakuna hata wa kumkaba, mimi nimecheza kulia kwenye watu watatu. Baadaye kwenye video nikamwona. Yumo mbele ya uso wangu! Sikumwona kabisa. Kocha akaniuliza "huna macho?" Nikanyamaza. Macho ninayo, ulikuwa umeyakodi wewe.

---

MtuWaMiwani

Namba6, hilo lako lina utafiti wake. Memmert na Furley, 2007, walifanya hivyo kwa wachezaji wa mpira wa mikono. Wakipewa maelekezo finyu ya nini cha kufuatilia, wengi walishindwa kumwona mwenzao aliyekuwa wazi kabisa. Maelekezo yenyewe ndiyo yaliyobana umakini. Ni sokwe wetu yuleyule, safari hii kavaa jezi.

---

GoliMstaafu

Mmeongea viungo weee, makipa hatuna macho?

Penalti ni mita 11 kwa wanaume na kwa wanawake, goli lilelile la mita 7.32 kwa 2.44. Chukua mpira wa kilomita 80 kwa saa, unafika ndani ya nusu sekunde. Kuona na kuanza kuitikia tu kunakula kama sehemu ya tano ya sekunde, bado hujaruka. Kwa hiyo kipa anayengoja auone mpira ukiondoka anaruka kwa ajili ya picha ya gazeti. Lazima usome kabla.

Savelsbergh na wenzake kule Amsterdam, 2002, waliwavalisha makipa kifaa cha kufuatilia macho wakawaonyesha video za wapigaji. Makipa wa kawaida macho yao yalizurura kwenye kiwiliwili, mikono, nyonga. Wale wazuri walitua sehemu chache kwa muda mrefu zaidi, na kadiri mguu ulivyokaribia mpira, macho yao yalikuwa kwenye miguu, ule wa kupiga na ule wa kusimamia, na eneo la mpira. Miaka yangu ya kudaka niliishi kwa huo mguu wa kusimamia. Kidole chake kinaelekea wapi? Mara nyingi kinasema kweli kabla mwenye mguu hajaamua kudanganya. Kwa hiyo la nyonga la BekiTatu ni la beki, msimpelekee kipa.

Na kwa mpigaji ni hadithi nyingine. Wilson, Wood na Vine wa Exeter, 2009, walionyesha kwamba mpigaji akiingiwa na hofu, macho yanakimbilia kwa kipa mapema na kukaa huko, na mpira unafuata macho, unaenda karibu na kipa. Ndiyo maana makipa tunarukaruka na kupepea mikono kwenye mstari kama wehu. Tunaomba tuangaliwe.

Sasa naomba niwape mtu mmoja. Hannah Hampton, kipa wa England. Alizaliwa na makengeza, akafanyiwa upasuaji wa macho zaidi ya mara moja utotoni, na amesema hadharani kwamba hadi leo ana shida ya kupima umbali kwa macho. Aliwahi kuambiwa na madaktari kwamba soka halitakuwa kazi yake. Fainali ya Euro 2025 pale Basel, 1-1 na Hispania, wakaenda matuta. Akaokoa ya Mariona Caldentey. Akaokoa ya Aitana Bonmatí, ambaye wakati huo ndiye mwenye Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia. England 3-1. Kwa hiyo wanaosema mchezaji bora ana macho bora kama ya tai, waende wakamweleze Hampton.

---

KochaBinti

GoliMstaafu umenipa silaha. Ndicho nilichokuwa nataka kusema tangu mwanzo: jicho lenyewe si kitu, kazi iko kichwani.

Nijibu kidogo la wanawake na wanaume, maana Chapombe amelifungua kwa utani. Tafiti nyingi za macho uwanjani zimefanywa kwa wanaume, ndivyo hali ilivyo. Lakini iko ya Vestberg na wenzake, Sweden, 2012, iliyopima wachezaji wa kike na wa kiume wa ligi za juu na za chini kwa majaribio ya jumla ya akili: kubadilisha mpango haraka, kuzuia jibu la kwanza, kubuni njia mpya ukiwa umebanwa na muda. Wa ligi za juu waliwapita wa chini, na wote wakawapita watu wa kawaida. Kilichowagawa kilikuwa kiwango.

Tofauti ninayoiona mimi ni ya saa za mchezo. Mvulana mwenye miaka 15 mara nyingi amecheza mpira wa hovyohovyo usio na kocha miaka kumi, amegongwa kisogoni na kila aina ya mtu, kichwa chake kimejaa picha. Wasichana wangu wengi wameanza mazoezini moja kwa moja, kwenye koni. Koni haimkimbilii mtu kutoka nyuma.

Sasa ripoti, maana wiki kadhaa zimepita. Baada ya maneno ya MzeeWaTakwimu niliacha lile zoezi langu la vidole. Mnalijua: kocha anasimama nyuma ya mchezaji, anainua vidole, mchezaji lazima ageuke aseme vingapi kabla hajapokea. Yule kiungo wangu wa pili amekuwa bingwa wa vidole. Tatu! Mbili! Nne! Anapata vyote. Kisha mechi inaanza na anagongana na mtu. Nilikuwa nimemfundisha kuhesabu vidole vyangu.

Nikabuni kitu kingine. Tunacheza sita kwa sita. Nikipuliza filimbi, kila mtu anasimama alipo na kufumba macho. Namfuata mmoja, namuuliza sikioni: nani yuko wazi? Beki wao wa mwisho yuko wapi? Nyoosha mkono uonyeshe.

Wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho. Mikono imenyooshwa pande zote kama vibao vya barabarani vilivyopigwa na upepo. Walioanza karibuni wanajua mpira uko wapi na aliye karibu yao, basi. Wa katikati wanajua watu watatu wanne, lakini wanaonyesha pale mtu alipokuwa sekunde mbili zilizopita. Halafu nikafika kwa kiungo wangu wa kwanza. Macho kafumba, nikamuuliza mshambuliaji wetu yuko wapi. Akanyoosha mkono kushoto, akasita, akausogeza kidogo kuelekea golini. "Alikuwa hapa, ila alishaanza kukimbia, kwa hiyo atakuwa hapa." Nikageuka kutazama. Binti yuko palepale mkono ulipoelekea, na yeye kafumba macho anacheka.

Basi nikajua sitamfundisha mtu kwa kumwambia "angalia".

---

MzeeWaTakwimu

Umenimaliza. Hilo la mkono kusogea ndilo suala zima, wala sina takwimu ya kulipinga. Wale watu wa chesi walishaligundua siku nyingi, Chase na Simon, 1973. Bingwa akionyeshwa ubao wa mchezo halisi kwa sekunde tano anaupanga tena sehemu kubwa. Kete zikimwagwa tu hovyo, ubingwa wake unayeyuka, anakaribiana na mimi na wewe. Haoni kete moja moja, anaona mafungu anayoyajua. Kiungo wako haoni watu 11, anaona mambo mawili matatu yanayoendelea.

Swali: yule wa pili je?

---

KochaBinti

Hahaha, niseme ukweli. Hakuna muujiza. Wiki ya tatu sasa anachungulia mpira ukiwa njiani, nimemrekodi, muda wake umekaa sawa kabisa. Bado anagongana na watu. Tofauti ni kwamba sasa anagongana na mtu aliyemwona. Anakuja benchi ananiambia, "Kocha, nilijua yupo." Kwangu hiyo ni hatua, maana sasa shida imehamia kwenye mguso na hiyo najua pa kuishika.

---

Namba6

Mwambie dada asikate tamaa. Kuna kipindi hicho cha kujua yupo na bado unamgonga. Mimi kilinichukua msimu mzima.

---

MtuWaMiwani

Kocha, sijasahau. Niliuliza kama umewapima macho, ukarukia kwa Hampton.

Hampton ana tatizo linalojulikana, limeshughulikiwa na wataalamu, na amejenga njia zake za kulizunguka. Asiyejua kama ana tatizo ni habari nyingine. Kichwa kikiwa na akili zote za dunia na picha inayoingia ni uji, kitapika uji. Kwenye hilo zoezi lako la kufumba, hakuna mchezaji anayejua vizuri vya karibu lakini vya mbali anabahatisha tu?

---

KochaBinti

Yupo. Beki wangu wa kushoto. Ila huyo ni mzito tu wa kuamua, namjua miaka miwili.

---

MtuWaMiwani

Anawatajaje watu wa mbali? Kwa majina?

---

KochaBinti (siku kumi na sita baadaye)

Nimerudi, na nimerudi mdogo kidogo.

MtuWaMiwani, swali lako la majina lilinikosesha usingizi. Mazoezi yaliyofuata nikamvizia yule beki. Filimbi, macho kafumba, namuuliza nani yuko upande wa pili. Akajibu sawasawa, jina la mtu. Nikajisemea, unaona, macho yake mazima. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Anakimbia mabega yamepanda." Wa pili je? "Huyo anaburuza mguu wa kulia." Binti anawatambua wenzake wote kwa mwendo! Na wakisimama tu, hawajui tena. Timu ngeni ikija, wote kwake ni rangi ya jezi.

Nikabandika karatasi yenye herufi kwenye mwamba wa goli, nikawapanga wote kwa umbali mmoja. Wenzake wakasoma. Yeye akasogea, akasogea, akasogea, mpaka wakaanza kucheka, kisha wakaacha kucheka wenyewe.

Kapimwa rasmi. Haoni mbali, macho yote mawili, na inaonekana ni ya miaka mingi. Mimi nimemwita mzito miaka miwili, tena mbele ya watu. Kumbe mtu anasubiri mpira uingie kwenye ukungu wake ndipo aamue, na kwa macho yale alikuwa anaamua haraka kuliko nilivyostahili kumdai. Nimemwomba radhi. Akasema hakuna neno, kocha. Mimi bado nina neno na nafsi yangu.

Tuliuliza pia kuhusu miwani ya michezo, sheria za mchezo zinairuhusu mradi isiwe hatari kwa wengine, lakini yeye amechagua lenzi za kuvaa ndani ya jicho.

Jumamosi alicheza mechi ya kwanza nazo. Nilitegemea atafanya maajabu, hakufanya. Dakika ishirini za mwanzo alikuwa hovyo kuliko kawaida, anashangaa kila kitu, anatazama jukwaani. Mapumziko nikamfuata nikiwa na maneno mengi ya mbinu. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono.

"Kocha, kumbe kibendera cha mshika kibendera kina vyumbavyumba?"